Ritifaa na Daftari: Majina ya Kyela Mbele ya Fomu

Kila fomu ni swali. Lakini si swali kama lile ambalo mtu humwuliza mwenzake njiani. Mwulizaji wa njiani hungoja jibu lo lote, refu au fupi, na akiwa hakusikia vema huuliza tena. Mwulizaji wa fomu ameondoka zamani. Ameacha nyuma yake visanduku, akakadiria urefu wa kila kimoja, akaamua ni herufi zipi zitakazopokewa na zipi zitakazokataliwa. Ajaye kujibu ana kazi mbili kwa pamoja: kusema kweli, na kuifanya kweli hiyo ienee ndani ya kisanduku. Historia ya fomu, katika nchi yo yote, ni historia ya watu waliofaulu kazi ya kwanza wakashindwa na ya pili.

Katika wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, historia hiyo yaweza kufuatwa kwa alama moja ndogo kuliko punje ya mchele. Alama hiyo ni ritifaa, kile kimkato cha juu kinachokaa baada ya ng katika neno ng'ombe. Wasomi wa lugha waiona ritifaa kuwa jambo la tahajia tu. Wenye kutengeneza programu za kompyuta waiona kuwa hatari ya kuzuiwa mlangoni. Lakini kwa mtu wa ukoo wa Mwang'onda au Mwang'ombe, ritifaa ni sehemu ya jina la babu yake, na jina lisiloandikwa sawasawa humfanya mtu mmoja kuwa watu wawili mbele ya serikali, benki na shule.

Kyela ni nchi ya bonde. Kusini yake ni maji ya Ziwa Nyasa. Mashariki husimama milima ya Livingstone. Kaskazini nchi hupanda kuelekea Rungwe. Na magharibi mto Songwe huigawa Tanzania na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na udongo wa milimani na kuumwaga katika bonde hilo, na kwa sababu hiyo mpunga, kakao, ndizi na michikichi hustawi. Wenyeji walio wengi ni Wanyakyusa. Ufukoni upande wa Matema na Ikombe wako Wakisi, mafundi wa vyungu. Na ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga, wako Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa asili.

Majina mengi ya koo za Wanyakyusa huanza kwa Mwa-, kiambishi kinachomtaja mtu kuwa ni mtoto wa fulani au wa mlango wa fulani. Kwa hiyo jina halisemi tu huyu aitwaje. Lasema pia ametoka wapi. Baada ya kiambishi hicho huja jina la mzee wa kale, na jina la mzee huyo likianza kwa ng', ritifaa huingia katikati ya jina la ukoo wote. Ikiondolewa, jina halifupishwi bali hubadilishwa. Msemaji wa Kiswahili aelewa jambo hili bila kufundishwa, maana kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake, hali ngoa ni hamu au wivu. Vivyo hivyo Mwang'onda na Mwangonda hayatamkwi sawa, wala hayamtaji mzee mmoja. Tena katika nchi ambayo Wangonde ni majirani, na jina lao huandikwa bila ritifaa, mtu aliyenyang'anywa alama yake aweza kudhaniwa kuwa ametoka ng'ambo ya mto. Na penye mpaka wa nchi mbili dhana kama hiyo si jambo dogo.

Sauti ya ng' yenyewe ni kongwe kuliko alama zake. Waandishi wa pwani waliotumia herufi za Kiarabu hawakuwa na herufi yake, wakaiazimia ghaini, herufi ile ile waliyoitumia kwa gh na mara nyingi kwa g na ng. Msomaji alitakiwa kulijua neno kabla ya kulisoma. Wazungu walipokuja na herufi za Kirumi, nao walitafuta njia zao. Mtaalamu wa Kijerumani Lepsius, katika alfabeti yake ya mwaka 1855, aliipa sauti hii herufi n yenye nukta juu. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa London, ilipendekeza mwaka 1927 herufi mpya, n yenye mkia. Kiswahili kilishika njia ya tatu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaandika ng' kwa ritifaa, kama inavyoandikwa hata leo.

Uchaguzi huo ulikuwa na faida iliyo wazi. N yenye nukta na n yenye mkia zilihitaji herufi za pekee katika kiwanda cha chapa, lakini ritifaa ilikuwamo tayari katika kila mashine ya taipu. Hasara yake haikuonekana upesi. Katika mashine ya taipu kitufe kimoja hufanya kazi tatu: hufungua maneno yaliyonukuliwa, huyafunga, na huandika ritifaa. Jicho la binadamu hutenganisha kazi hizo bila taabu, kwa kuwa binadamu husoma maana kwanza na alama baadaye. Mashine husoma alama tu. Mbegu ya mkasa wa miaka iliyofuata ilipandwa katika kitufe hicho.

Lakini kabla ya mashine palikuwa na daftari. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia katika nchi hii, ambayo Wazungu wa wakati ule waliiita Konde, na baada yao ikaja boma ya serikali ya Kijerumani, kwanza Langenburg ufukoni mwa ziwa, kisha juu Tukuyu. Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka 1898. Shamba kwa shamba, nyumba moja ilitozwa rupia 3. Kodi haiwezi kukusanywa bila orodha, wala orodha haiwezi kufanywa bila majina. Basi mtu wa ziwani akasimama mbele ya meza, akataja jina lake, na karani akaandika alichosikia.

Alichosikia karani ni jambo la kufikiriwa. Mjerumani anayo sauti ya ng' katika lugha yake, lakini huitamka katikati au mwishoni mwa neno, si mwanzoni. Karani wa kutoka pwani anayo sauti yenyewe, lakini hakuwa na tahajia moja iliyokubaliwa, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilikuwa bado. Jina moja liliweza kuandikwa kwa namna tatu na makarani watatu, na kila namna ikawa kweli kwa sababu imeandikwa. Hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo haijaisha: mtu na karatasi wakihitilafiana, mtu ndiye anayetakiwa kujirekebisha.

Wala kosa halikuwa katika majina peke yake. Lilikuwa katika umbo la swali. Daftari la kodi lilidhani kwamba nyumba moja ina mwenye nyumba mmoja, naye aishi humo pamoja na mke na watoto. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao baina ya mwaka 1934 na 1938, waliwakuta Wanyakyusa wakiishi kwa mpango mwingine kabisa, na Monica Wilson akaueleza katika kitabu chake cha mwaka 1951. Watoto wa kiume, wafikapo umri wa miaka kumi hivi, waliondoka kwa baba zao wakajenga vijumba vyao pamoja na wenzao wa rika. Walikula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini hawakulala huko. Kijiji kilikuwa cha rika, si cha ukoo. Tena mwenye wake wengi alikuwa na nyumba zaidi ya moja, maana kila mke alikuwa na yake. Katika daftari lenye safu ya nyumba na safu ya mwenye nyumba, mtu kama huyo alionekana mara tatu au nne, na mwanawe aliyelala kijijini kwa vijana hakuwa na mahali pake. Waingereza walipoandika sheria yao ya kodi mwaka 1922, waliongeza kodi ya kichwa juu ya kodi ya nyumba, wapate kumfikia mwanamume asiye na nyumba. Hiyo ilikuwa dawa ya namna ya serikali: swali lilipokosa kumnasa mtu, likaongezwa swali la pili, halikuulizwa kama swali la kwanza lilikuwa sawa.

Vijana wa bonde walipotoka kwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930, majina yao yalianza safari nyingine. Jina la daftari la kodi, jina la ubatizo katika kitabu cha misheni, na jina la orodha ya mwajiri hayakuwa lazima yafanane. Lakini madaftari hayo hayakukutana. Karani wa Tukuyu hakulisoma daftari la Chunya, na tofauti baina yao haikumdhuru mtu. Tofauti huwa kosa siku ile madaftari mawili yanapowekwa pamoja, na siku hiyo ilingoja kompyuta.

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Haikupita miaka mingi matatizo ya hesabu yalitokea, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku. Kazi nyingi zikarudi kwa mikono. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wengi husimulia habari hii kwa kucheka, kana kwamba nchi iliogopa chombo kigeni. Hata hivyo imo hekima ndani yake. Kosa likiingia mashineni halitoki likiwa limetakasika. Hutoka likiwa kosa lile lile, ila limevaa sura ya ukweli, kwa kuwa limechapwa vizuri na katika mistari iliyonyoka.

Wakati huo huo, mbali na Ziwa Nyasa, mambo mawili yalikuwa yameamuliwa ambayo yangewagusa watu wa Kyela baadaye. La kwanza ni orodha ya herufi za kompyuta iliyoitwa ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1967. Katika orodha hiyo kila herufi ilipewa namba, na ritifaa ilipata namba 39. Kama ilivyokuwa katika mashine ya taipu, alama moja ikapewa kazi zote. La pili ni lugha ya kuamuru hifadhidata. Baada ya Codd kuandika mwaka 1970 juu ya kupanga data katika majedwali, Chamberlin na Boyce, wafanyakazi wa kampuni ya IBM, walitoa mwaka 1974 lugha ambayo leo yajulikana kwa jina la SQL. Katika lugha hiyo neno la mtumiaji hutengwa na maneno ya amri kwa kuwekwa baina ya alama mbili, na alama iliyochaguliwa ilikuwa ile yenye namba 39. Hapana aliyekusudia ubaya. Lakini tangu siku hiyo alama iliyokuwa sehemu ya jina la Mwang'onda ilikuwa pia sehemu ya sarufi ya amri.

Mambo hayo mawili yalikutana katika fomu ya tovuti. Lugha ya kurasa za intaneti ilipowekewa kanuni rasmi mwaka 1995, fomu zilikuwamo ndani yake. Mwaka huo huo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa programu yake iliyoitwa PHP, na katika matoleo ya mwanzo jina hilo liliandamana na herufi FI, yaani mfasiri wa fomu. Kazi yake yaeleweka kwa jina hilo. Mtu hujaza visanduku katika ukurasa. Maneno yake husafirishwa hadi kwenye seva. Huko skripti huyapokea, huyakagua, huyatia katika hifadhidata, kisha humrudishia mtu ukurasa wa jibu. Skripti ndiye karani mpya. Tofauti yake na karani wa boma ni hii, kwamba karani wa boma aliweza kuinua macho na kuuliza, "Wasemaje?"

Mkosi wa ritifaa mbele ya karani huyu waelezeka kwa mfano mmoja. Chukua skripti inayounganisha maneno kuwa amri: weka katika orodha ya wakulima jina, kisha alama ya kufungua, kisha jina lililoandikwa na mtu, kisha alama ya kufunga. Akija mtu aitwaye Mwakyusa, amri yakamilika salama. Akija Mwang'onda, mashine huiona alama ya kwanza, yafungua; hupokea Mwang; huiona ritifaa, na kwa sheria yake alama hiyo yafunga. Jina limekwisha. Herufi zilizobaki, onda, hazimo tena ndani ya jina. Zimekuwa maneno ya amri, na amri ya namna hiyo haimo katika lugha ya SQL. Mashine husimama. Kama mtunga skripti hakuiamuru itoe habari ya kosa, mtu huoneshwa maneno ya shukrani kwamba amekwisha kuandikishwa, hali orodha haina jina lake. Mkasa kama huo umewapata Waairishi wenye majina kama O'Brien na Waitalia wenye majina kama D'Angelo. Na katika Tanzania haukuishia Kyela, maana Wasukuma nao wana majina mengi yaanzayo kwa Ng'wa.

Dawa za kwanza zilileta maradhi mengine. Watengenezaji wa PHP walitia ndani ya lugha yao desturi ya kuwekea kila ritifaa inayoingia mkwaju uliopinduliwa mbele yake, ili hifadhidata ijue kwamba alama hiyo si ya kufunga. Nia ilikuwa njema. Lakini skripti nyingi zilikuwa zikifanya kazi hiyo zenyewe, basi alama ikawekewa mikwaju mara mbili, na jina likatoka likiwa Mwang\'onda. Kila lilipofunguliwa na kuhifadhiwa tena, mikwaju iliongezeka. Desturi hiyo ilitangazwa kuwa haifai mwaka 2009, ikaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012; lakini kuondoa chanzo cha kosa hakusafishi orodha zilizokwisha kuandikwa.

Kisha ikaja hofu. Mwezi wa Desemba 1998 jarida la Phrack lilichapa makala ya Jeff Forristal, iliyoonesha kwamba mtu mwenye nia mbaya aweza kuandika katika kisanduku cha fomu si jina bali ritifaa na nyuma yake amri, na mashine ikaitii. Tangu hapo ritifaa ilitazamwa kama chombo cha mwizi. Watunga skripti wengi walichagua njia ya mkato: kukataa kila herufi isiyokuwa baina ya A na Z, au kuifuta kimyakimya. Jina la mzee wa kale likashukiwa uhalifu, na mwenye jina akaambiwa na ukurasa kwamba jina lake si sahihi. Ndiyo desturi ile ile ya daftari la kodi: mtu na karatasi wakihitilafiana, mtu ajirekebishe.

Dawa ya kweli ilikuwako, nayo ni rahisi kueleza. Badala ya kuunganisha amri na jina kuwa sentensi moja, skripti hupeleka kwanza amri peke yake, ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina. Hifadhidata huisoma amri hiyo na kuielewa kabla ya kuliona jina lo lote. Ndipo jina huletwa kwa njia yake, nalo hupokewa kama jina tu, hata likiwa na ritifaa kumi. Tangu matoleo ya PHP ya mwaka 2004 na 2005 njia hii imo mikononi mwa kila mtunga skripti. Maneno ya mwulizaji na maneno ya mjibu hayachanganywi tena. Kila moja lina mlango wake.

Kwa mchunguzi wa kosa, jina lililoharibika husema lenyewe lilipojeruhiwa. Safari yake ina vituo vinne: lilivyoandikwa kisandukuni, lilivyofika kwenye skripti, lilivyowekwa katika hifadhidata, na lilivyooneshwa tena. Mchunguzi mwema hulilinganisha jina katika kila kituo, hakisii. Njiani ritifaa huvaa vazi la alama ya asilimia na tarakimu 27, ambayo kwa hesabu ya kumi na sita ni ile 39. Hilo si kosa, kwa kuwa skripti hulivua vazi hilo ifikapo. Jina likikataliwa kabla ya kuondoka, kanuni ya ukaguzi ndiyo iliyo na kasoro. Likifika salama lisionekane katika hifadhidata, amri iliunganishwa vibaya. Likiwa na mikwaju, lilikingwa mara mbili. Likionekana Mwang&#039;onda, lilivikwa vazi la ukurasa mapema kabla ya kuhifadhiwa, kisha likavikwa tena wakati wa kuoneshwa. Na likiwa na herufi tatu ngeni mahali pa ritifaa, mwandikaji na mpokeaji hawakutumia jedwali moja la herufi.

Iko namna moja iliyofichika zaidi. Jedwali la herufi za dunia nzima liitwalo Unicode, lililoanza kuchapwa mwaka 1991, lina ritifaa iliyonyoka, namba 39, na iliyopinda, namba 8217. Na simu nyingi za siku hizi huandika iliyopinda bila kuulizwa. Kwa jicho la mtu alama hizo ni moja. Kwa mashine ni mbili, na mtu aliyeandikishwa kwa simu leo na kwa kompyuta ya ofisini kesho ni watu wawili. Hapo skripti haina budi kuchagua umbo moja na kuyaleta yote kwake, si kwa kufuta alama, bali kwa kuiandika kwa namna moja siku zote.

Mambo haya yangekuwa ya mafundi peke yao kama madaftari yangali yamelala mbalimbali. Lakini yamekwisha kukutana. Mikongo ya chini ya bahari ilifika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa Taifa ukaenda hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008. Kuanzia Mei 2019 laini za simu ziliandikishwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho, na mwezi wa Januari 2020 laini zisizoandikishwa zikaanza kufungwa. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, si kwa karatasi. Mwombaji wa chuo na wa mkopo wa masomo hujaza fomu katika tovuti, na cheti chake cha kuzaliwa hulinganishwa na cheti chake cha shule. Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo hupitia benki. Jina la stakabadhi na jina la akaunti yapaswa kuwa la mtu mmoja.

Mkulima wa Ipinda ambaye daftari la ghala lamwita Mwang'onda na akaunti yake yamwita Mwangonda hakufanya kosa lo lote. Alitaja jina lake mara mbili kwa kinywa kimoja. Hata hivyo yeye ndiye atakayepanda gari kwenda kwa hakimu au wakili kula kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na yeye ndiye atakayelipa nauli na ada. Mwanafunzi wa Matema aliyeondolewa alama yake siku ya kuandikishwa darasa la kwanza aweza kuligundua jambo hilo baada ya miaka kumi na mitatu, wiki moja kabla ya mlango wa maombi kufungwa. Gharama ya kosa la karani hulipwa na asiyekuwa karani.

Sheria imekwisha kuanza kuitazama haki hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na yampa mwenyewe njia ya kudai zisahihishwe. Lakini sheria husahihisha baada ya jeraha. Kinga imo mikononi mwa yule anayeandika mistari michache ya skripti, ambaye pengine hajapata kufika Kyela na hajui kwamba kuna ukoo wenye ritifaa katikati ya jina.

Makarani watatu wamepita katika habari hii: wa boma, wa taipu na wa seva. Kila mmoja alikuwa mwepesi wa kazi kuliko aliyemtangulia, na kila mmoja alirithi kosa la kudhani kwamba lugha yake mwenyewe ndiyo kipimo cha jibu. Karani wa boma aliandika alichoweza kusikia, kitufe cha taipu kikachanganya kazi tatu, na skripti ikalichukua neno la mtu ikalisoma kama amri yake yenyewe. Kama dawa ya fundi ilivyo ni kuacha kuchanganya amri na jibu, ndivyo ilivyo pia dawa ya mtawala na ya msomi: aulize kwa maneno yake, apokee kwa maneno ya mwenziwe, asiyatie mkono kabla hayajahifadhiwa. Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walinena neno hilo kwa ng', na mwandishi aliyeliweka katika kitabu alilitia ritifaa yake mahali pake.